Uacheni Mzinga na Makovu Yake

Miaka ile ambapo Beit al-Ajaib ilikuwa bado imesimama nzima, kabla ya sehemu yake kuporomoka tarehe 25 Desemba 2020, mpita njia wa Forodhani, Unguja, alizoea kuiona mbele ya jumba hilo mizinga miwili ya shaba ya Kireno, ya karne ya 16. Mbele ya vitu kama hivyo watu hugawanyika. Wa kwanza akiiona shaba iliyogeuka kijani kwa umande wa bahari husikitika. Husema imetupwa; iletwe ndimu na majivu, isuguliwe hadi imete kama sinia ya arusi. Wa pili husema kitu cha kale ni cha kale, hakiguswi, kiachwe na Mola wake. Wote wawili hujiita wapenzi wa historia. Ukweli ni kwamba wa kwanza huiharibu silaha kwa mikono yake, na wa pili huiharibu kwa kuikunja mikono.

Ugomvi huu umekuzwa na uzembe wa maneno. Kiswahili kina kukarabati, kina kuhifadhi, na kina kutelekeza. Lakini katika hotuba za ufunguzi maneno mawili ya mwanzo hutumiwa kama kwamba ni pacha. Kukarabati silaha ni kuirudisha katika hali inayodhaniwa ilikuwa nayo zamani: kuisugua, kuipaka, kuitia kipini kipya, kujaza palipolika. Kuhifadhi ni kukizuia kile kinachoila, kisha kuiacha kama umri ulivyoifanya. Kutelekeza ni kuiacha iliwe. Anayekarabati huiuliza silaha ilikuwaje siku ya kwanza. Anayehifadhi huiuliza imepitia nini tangu siku hiyo. Swali la pili ndilo lenye faida, kwa sababu jibu lake liko juu ya silaha yenyewe, ilhali jibu la swali la kwanza aghalabu limo kichwani mwa fundi.

Na ianzwe na shaba. Shaba iliyokaa karne nne katika upepo wa pwani hujivika ngozi. Ngozi hiyo, ikiwa imetulia na kushikamana, huilinda shaba iliyo chini yake. Ndani ya ngozi hiyo, si chini yake tu, zimo alama: nembo ya mfalme aliyeuagiza mzinga, jina la msubu aliyeumimina, tarakimu za uzito, mkwaruzo wa risasi, herufi aliyochonga askari mmoja aliyechoka zamu. Ndimu ni asidi, na asidi huila shaba. Majivu na mchanga hukwangua. Anayesugua leo haoni kilichopotea, maana kilichopotea ni unene wa ukucha. Akija wa pili baada ya mwaka, na wa tatu baada yake, nembo huwa kivuli, jina la msubu huwa mikwaruzo, na tarakimu hazisomeki tena. Mzinga utakuwa unang'ara, lakini utakuwa bubu.

Haina maana kwamba kila kijani ni ngozi njema. Liko pia donda la shaba: unga mwepesi wa kijani kibichi, unaojitokeza kwa madoadoa na kupukutika ukiguswa. Huletwa na chumvi iliyojificha ndani ya shaba pamoja na unyevu wa hewa, nalo huendelea kuila hadi izuiwe. Donda hilo ni lazima litibiwe, na kitu kikaushwe na kukingwa na unyevu. Lakini tazama tofauti: tabibu hulishughulikia donda, msuguaji huichuna ngozi ya mwili mzima, nzima na mbovu kwa pamoja, kisha akajisifu kuwa mgonjwa amependeza.

Chuma nacho kina hila zaidi. Mzinga wa chuma cha kusubu uliozama baharini miaka mia mbili au mia tatu huweza kuopolewa ukiwa na umbo lake kamili, mtu akadhani ni mzima. Si mzima. Maji ya chumvi yamekwisha kukiondoa chuma chenyewe katika tabaka la nje, yakaacha kaboni laini ambayo kisu huweza kuichora. Ukikaushwa juani kwa furaha ya siku moja, hupasuka na kubanduka magamba, na pamoja na magamba huondoka uso wote uliokuwa na habari. Wanaojua kazi hiyo huuweka majini tangu dakika ya kuopolewa, maji yaliyotiwa magadi au dawa mfano wake, wakapitisha umeme mdogo kwa miezi, pengine kwa miaka, hadi chumvi itoke. Ndipo huukausha polepole na kuupaka nta. Katika bahari ya Mombasa mfano upo: meli ya Kireno Santo António de Tanna, iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697 wakati ngome imezingirwa na jeshi la Oman, ilianza kuchimbuliwa chini ya maji mwaka 1977. Kazi ya namna hiyo haina haraka wala haina mng'aro. Ina subira tu, na subira ndiyo bidhaa adimu katika miradi yenye tarehe ya ufunguzi.

Hapa atainuka mtetezi wa ukarabati aulize: je, mabaharia wa zamani hawakuipaka rangi mizinga yao ya chuma? Naam, waliipaka, na rangi juu ya chuma kilicho nje, penye mvua na chumvi, huweza kuwa vazi la haki. Kosa haliko katika rangi. Liko katika brashi ya waya na msasa vinavyotangulia rangi, na katika rangi nzito inayofukia herufi kama chokaa inavyofukia maandishi ya ukutani. Basi kipimo ni kimoja, nacho ni chepesi kukumbuka: linalofanywa leo, je, kesho laweza kuondolewa bila ya kudhuru? Nta huondoka. Rangi iliyopakwa kwa uangalifu huondoka. Herufi iliyosuguliwa hairudi.

Lakini hoja kubwa kuliko zote haimo katika kemia. Imo katika neno asili. Mkarabati hudai kwamba airudisha silaha katika asili yake. Asili ipi?

Na utazamwe mzinga mmoja tu. Katika ua wa Fort Jesus, Mombasa, upo mzinga wa milimita 105 uliotoka katika manowari ya Kijerumani Königsberg. Manowari hiyo ndiyo iliyoizamisha meli ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji, ikasakwa na kupigwa, na ikaachwa izame humo Julai 1915. Wajerumani hawakuiacha mizinga yake kumi ilale topeni. Waliiopoa, wakaipeleka Dar es Salaam, wakaitengenezea magari ya magurudumu, na silaha zilizoundwa kwa ajili ya bahari zikaanza kukokotwa milimani na mabondeni. Nani aliyezikokota? Wapagazi. Mzinga mmoja ulitaka kukokotwa na mamia ya watu, pasipo na barabara, katika matope ya masika na mbung'o wa porini. Vita hivyo viliwachukua wapagazi mamia ya maelfu katika pande zote mbili, wengi wao kwa nguvu, na makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na homa. Majina ya wengi wao hayakuandikwa popote. Yalibaki majina ya mitaa, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, ambayo hata wakaao humo si wote wajuao kwamba ni jina la kikosi cha wachukuzi lililotamkwa kwa ulimi wa wachukuzi wenyewe.

Sasa aje mkarabati na mradi wake. Akiirudisha silaha kama hiyo katika asili ya kiwanda cha Ujerumani, itakuwa mzinga wa meli, safi, usio na hatia, kama kwamba haukupata kukanyaga ardhi ya Afrika. Akiifuta mikwaruzo ya minyororo na kamba, akasawazisha palipobonyea, akabadilisha kila kipande kilichobuniwa karakanani Dar es Salaam kwa kipande kinacholingana na mchoro wa asili, atakuwa amewafuta watu wale mara ya pili. Mara ya kwanza walifutwa na makarani ambao hawakuwaandika. Mara ya pili watafutwa na mpenda usafi. Kwa watu wasioachiwa kaburi wala daftari, huenda mkwaruzo juu ya chuma ndio saini pekee waliyoiacha.

Katika ngome hiyo hiyo, karibu na mzinga wa Königsberg, umewekwa mzinga wa Pegasus, mwuaji na aliyeuawa wakikaa uani pamoja. Nao uliopolewa majini, nao ulitumiwa tena nchi kavu. Mtu akiipaka miwili hiyo rangi moja nyeusi inayong'ara, mgeni ataona vipande viwili vya chuma vinavyofanana, apige picha, aende zake. Tofauti zao ndizo zilizokuwa kisa chao.

Unguja nayo ina somo lake. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliipiga kasri kwa muda usiofika saa moja ili kumwondoa Sayyid Khalid bin Barghash. Watu wapatao mia tano wa upande wake waliuawa au kujeruhiwa. Miongoni mwa silaha walizokuwa nazo walinzi wa kasri ulikuwemo mzinga wa shaba wa karne ya 17. Silaha iliyokwisha kuwa ya kale ikarudishwa vitani, ikasimama kuelekea mizinga ya chuma cha pua. Mkarabati anayetaka kuurudisha mzinga wa namna hiyo katika karne ya 17 ataziondoa athari za mwaka 1896, aseme ni uchafu wa baadaye. Lakini kwa watu wa kisiwa hiki, ule wa baadaye ndio msiba wao. Karne ya 17 ni ya msubu na mfalme wake. Asubuhi ile ya Agosti ni ya watu waliofukiwa na kifusi.

Wapenzi wa tungo hawahitaji kuelezwa haya kwa kirefu, kwa kuwa maradhi haya haya yameshazikumba nyaraka. Chukua ubeti wa utenzi wa Kiamu wenye kina cha -to: mstari mmoja umeishia kwa moto, wa pili kwa kito, wa tatu kwa mato. Anakuja mhariri mwenye nia njema, aona mato halieleweki kwa wanafunzi wa bara, aliondoa na kutia macho. Neno limesanifika na kina kimevunjika. Ili kukiunga kina, sasa abadilishe na moto. Na akibadilisha moto, mizani inayumba. Na akiituliza mizani, maana inakimbia. Mwisho wa kazi ana ubeti msafi, unaosomeka vyema, na ambao mtunzi hakupata kuutunga. Wala msomaji hana njia ya kujua, maana mhariri hakuacha alama ya mahali alipokata.

Linganisha na kazi iliyofanywa Mombasa katika karne ya 19, pale Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikusanya tungo za Muyaka bin Haji kwa waliokuwa bado wanazikumbuka, na W. E. Taylor akazihifadhi katika maandishi. Muyaka alikuwa mshairi wa enzi ya Mazrui, na sehemu ya tungo zake ni silaha hasa, zilizorushwa kwa mahasimu wa Mvita, Lamu na Unguja. Laiti angetokea mmoja akazisafisha ili zisimuudhi mtu, au akazinyoosha Kimvita chake kiwe Kiswahili cha mtihani, leo pangekuwa na diwani laini isiyokata. Zilihifadhiwa na makali yake, na kwa hiyo zingali zinasomwa. Anayekubali hukumu hii katika ubeti, kwa hoja gani ataikataa katika mzinga?

Wako wanaojibu kwamba mtoto wa shule akioneshwa chuma kilicholika haoni kitu, na mgeni aliyelipa kiingilio anataka kuona fahari. Hoja hii ina uzito, wala haifai kudharauliwa. Dawa yake ni mfano. Na itengenezwe nakala ya mzinga, ya mbao au ya chuma kipya, ing'arishwe hata jua lione haya, watoto waipande na waigeuze, na iandikwe waziwazi kwamba ni nakala. Nakala ikiandikwa nakala haimdanganyi mtu. Silaha ya kweli iliyofanywa kama nakala yake yenyewe ndiyo inayodanganya.

Wako wanaosema makumbusho za pwani ni maskini, na kuhifadhi ni anasa ya Ulaya, ambako meli ya Vasa iliopolewa mwaka 1961 ikarushiwa dawa kwa miaka 17. Hoja hii imekaa kichwa chini. Ukarabati ndio ghali: fundi, rangi, vipuri, na kuurudia kila baada ya miaka michache kwa kuwa chumvi ilifungiwa ndani. Kuhifadhi, katika sehemu yake kubwa, ni paa la kuzuia mvua, ni gogo la kuuinua mzinga usilale juu ya udongo wenye maji, ni nta, ni kitambaa kikavu, ni mtu mmoja mwenye daftari anayepita kila mwezi kutazama. Kinachokosekana aghalabu ni mtu huyo, na kukosekana kwake si suala la fedha peke yake. Ni kwamba kazi yake haina utepe wa kukata.

Yako pia majambia na panga za ukoo, na hapa inafaa kutenganisha mambo mawili. Jambia ambalo bado huvaliwa na mwenyewe siku ya arusi, hapa au Oman, ni kitu hai. Mkanda wake ukikatika na ushonwe. Ala yake ikichakaa na itiwe ngozi mpya na sonara wa kuaminika. Hivyo ndivyo babu alivyofanya na babu yake, na matengenezo hayo ni sehemu ya maisha ya jambia. Lakini upanga au gobori la gumegume lililokwisha kutoka mikononi, likawekwa kabatini au likaingia makumbusho, limeacha kuwa chombo na limekuwa shahidi. Shahidi hafundishwi la kusema. Mrithi anayelipeleka kwa fundi likasagwe kutu kwa mashine, lipakwe vanishi na litiwe misumari mipya, kwa tamaa ya kuliuza ghali, hukhasirika mara mbili: wakusanyaji wazoefu hukitolea bei ndogo kitu kilichosuguliwa, na ukoo unapoteza ushahidi wa mkono uliolishika. Tena kabla ya yote aulize kama limo baruti ndani, maana gobori la miaka mia huweza kuwa bado limeshindiliwa, na moto wa fundi haujui umri.

Zimebaki lawama za yule wa pili, mwenye kukunja mikono. Huyu hujificha nyuma ya neno uhalisia. Husema kutu ni historia, basi na iendelee. Hapana. Kutu iliyotulia ni historia. Kutu inayokula ni mlaji wa historia. Mzinga uliolala mchangani, unaopigwa na maji ya bamvua na kukauka kila siku, hauhifadhiwi na heshima ya wapita njia. Kumwacha mgonjwa afe ili asichubuliwe na sindano si kumheshimu. Msuguaji na mtelekezaji, kwa namna zao mbili, wanaishia mahali pamoja: chuma kisicho na habari.

Basi watu wenye dhamana ya silaha hizi, wawe wa serikali, wa misikiti, wa mahoteli yaliyoweka mizinga malangoni kuwa pambo, au wa majumba yenye masanduku ya mababu, watakiwe mambo machache yanayowezekana. Kabla ya mkono kugusa, kitu kipigwe picha pande zote, kipimwe, na kila alama inakiliwe. Lisifanywe jambo ambalo haliwezi kuondolewa. Paa litangulie rangi. Palipoungwa paonekane kwamba pameungwa, kwa rangi iliyopungua kidogo, kama mhariri mwaminifu anavyoliweka neno lake ndani ya mabano. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, uliowekwa kwa ajili ya majengo na mahali pa kumbukumbu, ulikubali kwamba ukarabati hauna budi kusimama pale dhana inapoanza. Hakuna sababu ya silaha kunyimwa haki ambayo kuta zimepewa. Na kibao kinachosimulia mzinga kiache kutaja wafalme na makapteni peke yao. Kiandikwe nani alioutengeneza, nani aliufyatua, nani uliwapiga, na nani waliukokota. Kisha kiandikwe pia nani aliushughulikia mwaka gani, na alifanya nini. Hivyo na mhifadhi mwenyewe ataingia katika historia kwa jina lake na dosari zake.

Na siku fundi atakapofika na ndoo ya ndimu au brashi ya waya, atokee mtu wa kumshika mkono. Amwombe kwanza aulalie mzinga, aweke shavu karibu na shaba wakati jua la asubuhi linapoupiga kwa ubavu, saa ambayo hata herufi iliyofifia huinua kichwa. Akiisoma, atajua mwenyewe kwamba hana la kusugua.